Kusoma Leso kwa Taa za Gari

Mwishoni mwa miaka ya themanini mjomba wangu alimpeleka bibi harusi kwenye harusi ya watu wengine.

Alikuwa binti wa jamaa zetu wa Kisauni, anaolewa ndani kabisa ya Ziwa la Ng'ombe, kule ambako wakati huo njia hazikuwa na taa na kila nyumba ilitazama upande iliotaka. Tuliondoka baada ya sala ya Isha. Mbele lilikwenda gari la mjomba, bibi harusi akiwa kiti cha nyuma kati ya somo yake, kungwi wake wa harusi, na mama yangu. Nyuma likafuata basi la wanawake. Mimi nilikaa mbele, ubavuni mwa mjomba.

Wanawake walianza vigelegele kabla hatujaiona nyumba. Kwetu vigelegele havipigwi vikaachwa hewani; anayevisikia, naye akiwa na harusi yake, huvijibu. Usiku ule kulikuwa na harusi mbili katika mtaa mmoja, na nyumba ya kwanza ikajibu. Mjomba, ambaye mbele yake aliona kipande kidogo cha mchanga na baada yake giza, aliacha kufuata njia akafuata sauti. Tukasimama mbele ya turubai. Mlango wa gari ukafunguliwa, bibi harusi akarashiwa marashi, akafukizwa udi, akashikwa mkono. Alikuwa ameshafika kizingitini wakati somo yake alipotazama huku na huku asione hata sura moja anayoijua, akauliza kwa upole hii ni nyumba ya nani. Bibi harusi wao alikuwa ndani tangu magharibi. Kwa dakika chache nyumba ile ilikuwa na mabibi harusi wawili na bwana harusi mmoja, na inasemekana bwana harusi hakulalamika.

Wenyeji hawakutuachia tuondoke hivi hivi. Walitutilia kahawa na halua, wakatupa mtu wa kutuonyesha njia, na tulifika tulikokusudia tumechelewa na tumeshiba. Lakini kufikia Ijumaa hapakuwa na baraza Kisauni ambayo hadithi ile haikuwa imeifikia, na kila ilipopita ilitiwa chumvi. Mama yangu, dada mkubwa wa mjomba, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika harusi zote za ukoo wetu. Alitoa hukumu yake jikoni akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Mato yamekwisha," alisema, maana kwake macho ni mato. "Si aibu. Mato huisha kama kitu chochote. Lakini harusi hapeleki tena."

Hukumu hiyo ingalikuwa nyepesi kama binti wa mwisho wa mjomba asingalikuwa ameshaposwa. Kwa miaka mingi mjomba ndiye peke yake katika ukoo aliyekuwa na gari, na hakuna msichana wetu aliyetoka kwao kwenda kwa mumewe ila ndani ya gari lile. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki binti huyu akiwa bado mdogo. Alimlea mwenyewe, akajifunza kusuka nywele, na kwa ushahidi wa wote waliomwona, alisuka vibaya. Sasa harusi ilikuwa imekaribia, bwana harusi anakaa nyuma ya Bombolulu katika vichochoro vya mchanga, na mama alikuwa ameshazungumza na mtu mwenye gari jeupe jipya la kukodi.

Wapo waliomuunga mkono mama kwa hoja ya desturi. Walisema baba hampeleki mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Usiku ule mahali pake ni mkekani na wanaume wenzake, anapokea pongezi. Mjomba aliwajibu mara moja tu. Alisema amepeleka mabinti wa watu wote, na wake ndiye aondoke na dereva wa kukodi, shavu limejaa miraa? Baada ya hapo hakubishana tena. Jambo lililonisumbua ni kwamba alianza kuamini kuwa macho yake yamekwisha. Aliacha kuendesha gari jua likishatua. Akiwa ziarani, adhana ya magharibi ikikaribia, alikuwa akiinuka na kuaga, na watu wakamtania kwamba anarudi bandani na kuku.

Binti yake alinijia siku moja nyumbani kwangu, nikiwa nimeketi uani natengeneza redio ya jirani.

"Kaka," alisema, "baba hana ugonjwa wa macho."

Nilimuuliza amejuaje.

"Jana alikaa barazani akawa anawataja watu wanaovuka barabara kule mbali, mmoja mmoja, kwa mwendo wao. Mimi sikuona ila rangi za nguo."

"Hiyo ni mchana."

"Ndiyo, mchana. Basi wewe unayesoma vitabu niambie. Jua likitua, kinachopungua ni macho yake au ni kitu kingine?"

Lilikuwa swali zuri, na swali zuri halijibiwi kwa maneno. Wakati huo nilikuwa mtunza stoo katika karakana moja ya Changamwe. Sikupata kusomea umeme mahali popote. Nilikuwa nimejifundisha kwa vitabu vilivyotumika, vingine vikikosa jalada, na kimoja kikikosa sura nzima ya mabetri ambayo ilinibidi niifikirie mwenyewe. Katika kusoma huko kote nilikuwa nimeshika kanuni moja: kabla ya kulaumu kitu, kipime.

Nilikwenda kwa mjomba Jumamosi asubuhi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kwa kuwa alikuwa akilipangusa gari, kazi aliyoifanya kila Jumamosi hata kama halikuwa limetoka wiki nzima. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la kijani kilichopauka, limezidi umri wa binti yake. Swichi ya taa ilikuwa kwenye dashibodi, na ya kubadilisha fulu, mwanga wa mbali, na dim, mwanga wa karibu, ilikuwa sakafuni, ukiikanyaga kwa mguu wa kushoto. Nilimwomba ruhusa nizitazame taa. Aliniambia nitazame nitakavyo. Taa hazina kitu. Rafiki yake baharia alikuwa amemletea globu zenye nguvu kuliko za kawaida, na alikuwa amezitia mwenyewe miezi mingi iliyopita.

"Na baada ya kuzitia, taa ziliongezeka mwanga?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Usiku wa kwanza niliona hivyo. Baadaye macho yakaanza kupungua."

Nilitia mkono nyuma ya dashibodi. Nilimwomba awashe taa, nikangoja kidogo. Swichi ilipata moto kama kikombe cha chai, na ilikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Hapo nilipata tamaa ya kwanza.

Nilizitoa globu za baharia nikarudisha za kawaida, kwa sababu sikutaka kubadilisha vitu viwili kwa pamoja kisha nisijue kipi kimeleta nini. Halafu nikapima. Kwenye betri, taa zikiwa zimewaka, kipimo kilisoma volti kumi na mbili kasoro kidogo. Betri ilikuwa nzima. Nikaenda mbele, kwenye soketi ya globu yenyewe. Kilisoma tisa na chembe. Nilirudia, nikasugua ncha za kipimo kwa msasa, nikarudia tena. Tisa na chembe. Robo ya nguvu ya umeme ilikuwa inapotea njiani, na taa ina tabia yake: ukiipunguzia umeme robo, mwanga haupungui robo, unapungua zaidi ya nusu. Mjomba alikuwa akiendesha kwa kandili mbili.

Nilimweleza. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali. Basi nikajaribu njia nyingine. Kabla ya kustaafu mjomba alikuwa msimamizi wa makuli bandarini, na hakuna mzigo duniani asioujua namna unavyobebwa.

"Mjomba," nilisema, "ulipokuwa bandarini, gunia lilikuwa likitoka melini kwenda ghalani, ulilibeba wewe?"

"Nilibebe mimi ili iweje? Kazi yangu kunyoosha kidole."

"Basi hapa kwenye gari lako msimamizi ndiye anayebeba magunia. Umeme wote wa taa unatoka kwenye betri, unapita kwenye waya nyembamba mpaka kwenye dashibodi, unaingia kwenye hii swichi ndogo, unashuka mguuni, unaingia swichi nyingine, ndipo unarudi mbele kwenye taa. Ukifika umechoka. Na ulipotia globu kubwa uliongeza uzito wa magunia."

Aliacha kupangusa. "Na makuli wako wapi?"

Nilimwonyesha. Nilikuwa nimekuja nazo mfukoni kwa kubahatisha, kama zingehitajika, rilei mbili, kila moja ukubwa wa kiberiti, nilizozinunua dukani kwa muuza spea. Ndani ya kijisanduku hicho kuna koili ndogo na mkono wa chuma. Swichi ya dashibodi ikituma umeme kidogo tu, koili inavuta mkono, na mkono unafungua njia kwa umeme mkubwa, unaotoka moja kwa moja kwenye betri kwa waya nene na kwenda kwenye taa iliyo karibu yake. Swichi inabaki na kazi ya kunyoosha kidole.

Mjomba aliichukua moja akaipima uzito kiganjani. "Kuli mdogo huyu," alisema. "Lakini nimeona wadogo wenye nguvu."

Kazi ilichukua Jumamosi mbili, kwa sababu siku za kati nilikuwa kazini Changamwe. Nilizifunga rilei mbele, ubavuni mwa injini, moja ya fulu na moja ya dim. Nilivuta waya nene kutoka kwenye betri, nikatia fyuzi karibu na betri, ili kama waya ingekwaruzika mahali, fyuzi ife kabla ya gari. Nyaya za zamani zilizokuwa zikienda kwenye taa nikazielekeza kwenye koili. Sikukata hata moja. Kila kiungo nilikifanya cha kuchomoa, ili nikitaka niweze kurudisha mfumo wa zamani kwa muda mfupi. Mjomba aliniuliza kwa nini nijitaabishe kuhifadhi kitu kibovu. Nilimwambia kitu kibovu ni shahidi, na shahidi hafukuzwi kabla ya kesi.

Binti yake alituletea chai na mahamri, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akituangalia. Mama naye alipita, amevaa buibui, anatoka sokoni. Alisimama, akatazama nyaya zilizotapakaa, akamwambia ndugu yake kwamba gari lina utumbo mwingi kuliko ng'ombe, na kwamba mwenye gari jeupe ameshakubali siku. Mjomba alinipa bisibisi ambayo sikuwa nimeiomba.

Mara ya kwanza kuwasha, rilei ilitoa sauti yake, tiki, safi kabisa, na taa ya kulia ikang'aa. Ya kushoto ilibaki kama ilivyokuwa, ya manjano. Gari likawa kama mtu anayekonyeza. Mjomba alicheka, mimi sikucheka. Nilipima: umeme ulikuwa unafika wote. Basi tatizo lilikuwa katika kurudi. Umeme ukishafanya kazi kwenye taa lazima urudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, njia ambayo mafundi wanaiita athi, na hewa ya pwani haina huruma na chuma. Nilifungua skrubu ya athi nyuma ya taa ya kushoto nikakuta kutu nyekundu imekaa pale kama unga wa pilipili. Nilisugua mpaka chuma kikawa cheupe, nikavuta waya nyingine ya athi mpaka kwenye betri kwa kila taa, nikapaka grisi. Nilipopima tena, taa zote mbili zilikuwa zinapata karibu kila kilichokuwa kwenye betri.

Taa zilikuwa tayari. Lakini taa hazikuwa zimeshtakiwa. Yaliyoshtakiwa ni macho. Na hakimu alikuwa mama.

Nilimwendea kwa unyenyekevu, nikamwambia nataka afanye jaribio lolote apendalo, yeye mwenyewe achague, na mjomba akishindwa mimi nitakuwa wa kwanza kulifungulia mlango gari jeupe. Nilijua ataipenda nafasi hiyo. Mama alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la ngumbaru, na tangu hapo alisoma kila kitu kilichokuwa na herufi: makopo, magunia ya mchele, migongo ya mabasi. Alifikiri kidogo tu. Alisema atatundika leso kwenye kamba, na ndugu yake ataketi garini na kusoma majina yake.

Kila leso, kwa asiyejua, ina maneno yaliyopigwa chapa upande wa chini, na hayo ndiyo jina lake. Mwanamke hanunui leso kabla ya kusoma jina, kwa kuwa akiivaa ameshasema. Mama alikuwa na sanduku zima.

Usiku wa siku hiyo, baada ya Isha, alifunga kamba kati ya minazi miwili, nyuma ya kisima. Nilimuuliza kwa nini kisimani. "Kwa sababu akiweza kuona kisima," alisema, "hatanitilia mtoto ndani yake." Alitundika leso tatu. Tulizima taa za nyumba. Majirani wawili watatu walikuwa wamesikia, wakaleta viti vyao.

Hapo niliomba jambo moja. Nilikuwa nimeziunganisha taa kwa mfumo wa zamani kwa makusudi, nikasema kabla ya mjomba, wenye macho mazima wasome kwanza. Mama aliona haki. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akashika usukani kwa mikono miwili kama bakuli la moto, nami nikawasha taa. Mwanga wa manjano ukatambaa mpaka kisimani ukachoka.

Mama alisogeza kichwa mbele. Alikirudisha nyuma. Alifumba jicho moja.

"Naona kitu chekundu," alisema. "Au cheusi."

"Na maneno?"

"Maneno gani? Leso zenyewe naziona kwa kuwa nimezitundika mimi."

Kipimo kikishasema, mpimaji hana haja ya kusema. Aliketi binti wa mjomba, asisome kitu. Niliketi mimi, na nasema kweli nilijitahidi, nisisome kitu. Kisha akaketi mjomba. Alitazama mbele kwa muda mrefu, na nilimwona anavyoogopa, mikono yake imetulia magotini kama ya mgonjwa mbele ya daktari.

"Sioni herufi," alisema. Akageuka akatutazama, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Wala nyinyi hamkuziona. Sote hatuoni."

Sijapata kumwona mtu aliyefurahi namna ile kwa kushindwa kusoma.

Nilifungua boneti nikabadilisha viungo, kwa mwanga wa tochi aliyonishikia binti yake. Nikarudi, nikamwambia mjomba sasa awashe. Ikalia tiki. Minazi miwili, kamba, kisima, ndoo na kamba yake, leso tatu na ukuta wa jirani nyuma yake, vyote vikaruka mbele yetu kwa pamoja. Kwenye banda la jirani jogoo aliwika, na wenzake wa mitaa ya pili wakamwitikia. Mtu mmoja kwenye viti alisema lahaula.

Mjomba alisoma. Alisoma taratibu, kwa sauti ya kusoma barua ya heshima: NDUGU NI NGUO, HAVULIWI SOKONI. Akasoma ya pili: MNAYOYASEMA NIMEYAZOEA. Ya tatu alikuwa ameianza tu wakati mama aliposimama katikati ya mwanga na kuinua mkono.

"Ngojani," alisema. "Leso zangu hizi nani huninunulia kila Idi?"

Alimnyooshea mjomba kidole.

"Ndiye huyu. Dukani huwa anachagua jina saa nzima mpaka muuzaji anamtilia chai. Hizi hazisomi, anazikumbuka."

Lazima nikiri kwamba hoja ilikuwa sahihi, na ilinifurahisha, maana ndivyo mimi mwenyewe ningalifikiri kama ningalikuwa na akili ya kutosha usiku ule. Mjomba alilalamika kwamba mtu hawezi kuhukumiwa kwa ukarimu wake. Mama hakumsikiliza. Aliuliza majirani nani ana leso ambayo ndugu yake hajapata kuiona.

Jirani yetu wa nyuma, mama wa Kigiriama ambaye watoto wake walikua na sisi, alisema yeye anayo. Alikuwa ametoka mjini mchana ule na doti mpya, leso mbili zilizoshikana, haijakatwa wala kupindwa. Alikwenda akaileta kwenye mfuko wake wa karatasi. Mama alimzuia mjomba asitazame, akamfunika kichwa kwa upande wa buibui lake mwenyewe, huku watu wakicheka, mpaka doti ilipokuwa imetandazwa juu ya kamba yote. Kisha akamfunua.

Mjomba alitazama. Binti yake alikuwa amesimama kando ya mlango wa gari, ameshika kioo kwa vidole.

"Hii niisome?" mjomba aliuliza.

"Ukiweza," mama alisema.

"Isije ikasemwa nimeitunga."

"Soma, wee."

Akasoma: "MANENO YENU HAYANIZUII KULA."

Jirani alipiga makofi. Watu walimtazama mama. Mama alikwenda mpaka kwenye kamba, akainama, akasoma herufi kwa herufi kwa kidole chake, kama alivyofundishwa ngumbaru. Alipofika mwisho mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alicheka mpaka akaketi juu ya ukingo wa kisima, na jirani akaja kumshika asije akaanguka.

Alipopata pumzi, alimwambia ndugu yake, "Mpeleke mwanao." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe utakaa mbele na kipimo chako."

Gari jeupe lilikuja siku ya harusi vilevile, kwa kuwa neno lilikuwa limeshatolewa. Likawabeba mashangazi, nao walishukuru kwa viti laini. Lakini lililotangulia lilikuwa la kijani kilichopauka, na mjomba alikuwa amelipangusa tangu alfajiri. Alivaa kanzu mpya. Alipotoka Kisauni alikuwa akiendesha polepole kuliko ilivyohitajika, na kila gari lililotoka mbele alikanyaga swichi ya mguu ikalia tiki, akashusha dim, kisha tiki tena. Baadaye nilitambua kwamba alikuwa akifanya hivyo hata pasipokuwa na gari. Nyuma yetu bibi harusi hakusema neno, kama ipasavyo, ila mara moja nilisikia anacheka ndani ya shela.

Vichochoro vya nyuma ya Bombolulu tulivipita tukiona kila kitu: mawe ya matumbawe kwenye kuta, mbuzi aliyelala njiani, nyayo za watu mchangani. Tulisimama mbele ya nyumba yenyewe. Mjomba alizima injini ili asikie dua. Taa hakuzizima. Zilikuwa fulu, zinapiga mlangoni moja kwa moja, na wanaume wa upande wa bwana harusi walisimama wamekinga macho kwa mikono.

Mmoja wao alikuja dirishani. Alimwamkia kwa heshima zote, akamwomba kama inawezekana apunguze taa.

"Nivumilieni kidogo, mwanangu," mjomba alisema. "Miaka yote nimewashusha hawa wasichana gizani. Sijapata kumwona hata mmoja akiingia. Huyu wangu nataka nimwone."

Yule kijana alirudi akawaambia wenzake, nao wakasogea pembeni wote, wakaacha njia wazi.

Alimwona. Sote tulimwona, mama yangu upande mmoja na somo upande wa pili, na shela imewaka nyeupe, na kivuli chake kirefu kinapanda ukutani mbele yake. Mlangoni alisimama akageuka. Hakuweza kutuona, maana taa zilikuwa usoni mwake, lakini aliinua mkono kuelekea zilikotoka. Mjomba aliinua wake, akabaki nao juu hata baada ya mlango kufungwa.

Mshale wa kipimo cha betri kwenye dashibodi ulikuwa umelalia upande wa kutoa umeme. Niliutazama. Nilifanya hesabu kichwani: ukubwa wa betri, uzito wa globu, injini imezimwa. Niliona inatosha, nikanyamaza.

Haikutosha. Mjomba alipotaka kuwasha, injini ilikohoa mara moja ikanyamaza. Alinitazama, nami nikatazama mbele. Wanaume wa pande zote mbili waliweka vikombe vyao vya kahawa chini, wakafunga kanzu viunoni na kuja nyuma ya gari, mashemeji wa saa moja, kila mmoja akimwelekeza mwenzake namna ya kusukuma. Mchanga ulikuwa mzito. Mjomba alikaa wima kwenye usukani, anatoa amri kupitia dirishani kwa sauti ambayo nadhani hakuwa ameitumia tangu bandarini, na gari likaanza kwenda.